Kiabakari, Tuache Kusukuma Magari

Kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, pale Kiabakari, kuna sauti ya alfajiri ambayo tumeizoea mno. Ufunguo unazungushwa. Chini ya boneti inasikika "tik, tik, tik", kisha kimya. Dereva anajaribu tena. Taa za dashibodi zinafifia, stata inaguna mara moja, basi. Anatoa kichwa dirishani: "Oya, njooni mnisukume!" Vijana wanaacha vikombe vya chai, wanaegemeza mabega, gari linakohoa, linawaka, na dereva anapunga mkono bila kushuka, maana anajua akizima injini tu kazi itaanza upya.

Mazoea hayo ndiyo adui wa kwanza ninayetaka tupambane naye. Tumejiaminisha kwamba gari kuukuu ni la kusukumwa, kama vile ni sheria ya Mungu. Si kweli. Corolla iliyotoka kiwandani miaka ishirini na mitano iliyopita inaweza kuwaka kwa ufunguo mmoja kila asubuhi, masika na kiangazi. Mara nyingi kinachotenganisha gari linalowaka na gari linalosukumwa si umri. Ni betri, na mkono wa mtu anayeitunza. Mkono huo ni wako, na hauhitaji utajiri. Unahitaji nusu saa kwa mwezi, spana namba kumi, maji ya moto na macho yanayotazama.

Nani anakusubiri?

Kabla hatujafungua boneti, tuulizane: gari lako likigoma, nani anaumia?

Anaumia mama mchuuzi aliyepakia dagaa wa Musoma kuwahi soko la Bunda. Anaumia mwanafunzi mwenye mtihani. Anaumia mgonjwa mwenye siku ya kliniki katika hospitali ya Kwangwa, ambaye akikosa daktari leo atarudi nyumbani na maumivu yake. Na usiku wa manane anaweza kuumia zaidi mtu ambaye hata humjui. Nchini kwetu kuna mfumo wa m-mama, wenye namba ya bure 115, unaomfikisha hospitalini mjamzito au mama aliyejifungua pale hatari inapotokea. Gari la wagonjwa likiwa mbali, mfumo huo huwaita madereva wa kawaida wa jamii: mtu kama wewe, mwenye gari kama lako. Simu hiyo haiji saa tatu asubuhi vijana wakiwa kijiweni tayari kusukuma. Inaweza kuja saa nane za usiku, mvua inanyesha, na uko peke yako na ufunguo wako.

Ndugu yangu, saa hiyo betri si kifaa tena. Ni neno lako kwa watu. Dereva anayesema "nitakuja" na gari lake likaja, huyo ni mtu wa kuheshimiwa popote kuanzia Butiama hadi Bunda.

Kijue unachokilinda

Betri ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo kanuni yake ni ileile. Ndani ya kasha kuna vyumba sita. Kila chumba kina bamba za risasi zilizozama katika tindikali, na kila kimoja hutoa volti mbili na ushei. Jumla yake, betri ikiwa imejaa na imetulia, ni volti 12.6 au juu kidogo. Hadi mwaka 1912 madereva walikuwa wakiwasha injini kwa kuzungusha mkono wa chuma kwa nguvu za mwili. Mwaka huo Cadillac ya Marekani ilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering, na dunia ikaacha kuhangaika. Ukisukuma gari leo, umerudi nyuma ya mwaka huo.

Betri inapotoa umeme, bamba zake hufunikwa na chumvi ya risasi. Inapochajiwa, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi katika tindikali. Hapo ndipo uhai wa betri ulipo. Ukiiacha bila chaji siku nyingi, chumvi hujenga fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziondoi tena. Kwa hiyo betri inayoshinda wiki nzima ikiwa na nusu ya chaji haijapumzika. Inakufa polepole.

Adui mkubwa zaidi hapa kwetu ni joto. Wenzetu wa Ulaya hulaumu theluji kwa sababu gari hugoma asubuhi ya baridi, lakini ukweli ni kwamba kiangazi ndicho kilichoiua betri na baridi ikaifichua tu. Joto likipanda kwa nyuzi kumi hivi, mwendo wa kemia ndani ya betri hukaribia kuongezeka mara mbili: maji hupungua, bamba huliwa, chaji huvuja hata gari likiwa limeegeshwa. Chini ya boneti la mchomoko, gari dogo la biashara, uliotoka Bunda na abiria mchana wa Januari, joto ni kali kuliko la nje. Ongeza mtikisiko wa barabara zetu za changarawe, unaopukutisha bamba ndani ya kasha. Betri ya Mara inafanya kazi ngumu. Inastahili mtu wa kuijali.

Jifunze lugha ya namba

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Betri haifi bila taarifa. Stata ikianza kuvuta kwa uzito, hiyo ni taarifa. Taa za mbele zikififia gari likiwa katika sailensa na kung'aa ukikanyaga mafuta, hiyo ni taarifa. Harufu ya mayai viza, kasha lililovimba ubavuni, taa nyekundu ya betri inayowaka ukiwa safarini: zote ni taarifa. Lakini usiishie kwenye kuhisi. Pima.

Mji ambao watu wake wanajua kupima dhahabu hadi pointi ya gramu hauwezi kushindwa kupima volti ya betri. Mita ndogo ya umeme inauzwa kwa bei ambayo madereva watano wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangishana na kuipata siku hiyohiyo. Kisha namba chache tu zinatosha.

Asubuhi, kabla hujawasha, weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Ukiona 12.6, betri imejaa. Ukiona 12.4, imebaki kama robo tatu; ipeleke chaji. Ukiona 12.2, umebaki na nusu. Ukiona 12.0 au chini, betri iko taabani na kila siku unayoiacha hivyo unaifupishia maisha.

Sasa mwambie mwenzako apige stata huku wewe ukitazama mita. Namba itashuka ghafla, ni kawaida, kwa sababu stata ya gari dogo la petroli huvuta ampea mia moja na zaidi. Lakini ikianguka chini ya 9.6 wakati betri ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka.

Injini ikishawaka, tazama tena. Inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kitu, betri haipokei chaji: kagua mkanda wa altaneta, kagua waya, kagua altaneta yenyewe. Ikipita 15, altaneta inaichemsha betri na kuikausha maji.

Nasisitiza jambo moja hapa, na naomba ulikumbuke hata ukisahau mengine yote: usinunue betri mpya kabla hujapima altaneta. Wenzetu wengi wametoa fedha za mkopo kununua betri, wakaifunga kwenye gari ambalo altaneta yake imekufa, na baada ya siku mbili wakarudi dukani wakilia kwamba wameuziwa betri mbovu. Betri haikuwa na kosa. Fundi anayekwambia "nunua mpya" bila kugusa mita, mwombe kwa heshima apime kwanza. Fundi wa kweli atafurahi kwamba umeuliza.

Nusu saa ya Jumamosi

Chagua siku moja kila mwezi. Jumamosi jioni inafaa, injini ikiwa imepoa. Vua pete na saa ya chuma. Sigara iwe mbali kabisa, kwa sababu betri hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja inaweza kuilipua ikakumwagia tindikali usoni.

Fungua boneti, utazame vichwa vya betri kwa karibu. Huenda ukaona unga mweupe, na sehemu yenye shaba umechanganyika na rangi ya buluu ya kijani, umejikusanya kwenye kibanio kama ukungu wa mkate. Watu wengi hupita wakalifunga boneti. Kumbe huo unga ni ukuta kati ya betri na stata. Betri inaweza kuwa nzima kabisa, umeme usipite.

Legeza hasi kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, cheche yake si ya mchezo. Hakikisha vifuniko vya vyumba vimekazwa, halafu koroga kijiko cha magadi katika kikombe cha maji ya moto na umwagie taratibu juu ya ule unga. Utafoka papo hapo: povu linapanda, linachuruzika ubavuni, na chini yake chuma kinaanza kuonekana, cha kijivu na safi. Povu likikoma, tindikali imekwisha nguvu. Suuza kwa maji safi, futa, piga msasa kichwa na kibanio hadi ving'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, kisha paka grisi juu yake ili hewa na unyevu visipate njia. Kibanio kikilegea, nunua kingine. Msumari au kipande cha bati kilichopachikwa kujaza nafasi kitakuaibisha siku usiyoitegemea.

Kisha itikise betri kwa mkono. Ikicheza, kamba ya mpira wa tyubu haitoshi. Tafuta kishikio chake cha chuma au mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee. Barabara ya changarawe haina huruma na betri inayorukaruka.

Kama ni betri ya maji, fungua vifuniko sita mchana wa jua, usitumie moto wa kiberiti kumulika. Maji yanapaswa kuzifunika bamba kwa kama sentimita moja. Yakipungua, ongeza maji maalumu ya betri yasiyo na chumvi. Soma lebo kwanza na umwulize muuzaji, kwa sababu kuna chupa za maji na kuna chupa za tindikali, na zinakaa rafu moja. Kinachopotea kwenye joto ni maji, si tindikali. Anayeongeza tindikali kila mwezi "kuipa betri nguvu" anaziharibu bamba kwa mkono wake. Maji ya kisima nayo yana madini yanayoichafua. Na tindikali ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano au zaidi, kisha nenda hospitali bila kusubiri.

Nusu saa imekwisha. Umefanya kazi ambayo itakulipa mwezi mzima.

Wezi wa usiku

Kuna magari yanayolala mazima na kuamka maiti. Hapo jua kuna kitu kinakula umeme usiku. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Taa mbili za mbele hula ampea kama tisa. Ukizisahau, betri ya ampea-saa 50 inakwisha kwa saa tano au sita. Taa ndogo ya ndani hula kama 0.4, na ndani ya siku mbili tatu inaweza kuidhoofisha betri isiweze kupiga stata. Redio iliyounganishwa moja kwa moja, amplifaya ya spika kubwa, kengele ya wizi iliyofungwa ovyo: kila kimoja kina mdomo wake.

Zima gari, funga milango, ondoa kibanio cha hasi, weka mita yenye uwezo wa kupima ampea kati ya kibanio na kichwa cha betri. Mengi ya magari yetu hayapaswi kuzidi 0.05. Ukiona 0.5, toa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha ndiyo njia ya mwizi. Gari lako likiwa linakaa wiki nzima bila kutembea, legeza hasi, na chaji betri kabla haijashuka. Na kama unatumia betri ya gari kuwasha televisheni na taa za nyumbani, achana na hilo. Betri ya gari imeumbwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Kuinyonya hadi mwisho kila usiku ni kuiua. Umeme wa sola nyumbani una betri zake.

Siku ya kununua, uwe mkuu wa duka

Betri inayotunzwa hapa kwetu huweza kudumu miaka mitatu, minne, wakati mwingine zaidi. Siku yake ya mwisho itafika. Usiingoje ikukute stendi. Ikifika mwaka wa tatu, uwe umeshajiandaa. Tuseme betri ni shilingi laki mbili: gawanya kwa miezi thelathini na sita, hazifiki elfu sita kwa mwezi. Tajiri mwenye gari, ziondoe hizo katika hesabu unayopokea kila siku, uziweke kando. Gari linalolala halileti hesabu.

Dukani, jambo la kwanza ni saizi. Magari madogo ya petroli kama Corolla na Probox mara nyingi huchukua NS40 au NS60, makubwa zaidi hupanda hadi N50, na Land Cruiser za dizeli hutaka N70 au zaidi, nyingine zikiwa na betri mbili. Trei ya gari na kitabu chake ndivyo waamuzi. Betri nyingi za mtindo wa Japani huandikwa mfano 55D23L, na maandishi hayo unaweza kuyasoma mwenyewe: 55 ni daraja la nguvu, D ni upana na urefu wa kwenda juu, 23 ni urefu wa kasha kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha mpangilio wa vichwa vya chanya na hasi. Ukikosea herufi hiyo, waya hautafika, au utafungwa kinyume na kuunguza altaneta na fyuzi kubwa. Tazama pia vichwa: vipo vyembamba na vinene.

Jambo la pili ni umri. Tafuta tarehe ya kutengenezwa iliyogongwa kwenye kasha au kubandikwa. Iliyokaa kwenye rafu zaidi ya miezi sita, katika duka lenye joto, bila kuchajiwa, imeshaanza kuzeeka kabla hujailipia. Iache.

Jambo la tatu ni aina. Kama utafanya nusu saa yako ya kila mwezi, chukua betri ya maji yenye vifuniko. Inastahimili joto, na altaneta za magari makuukuu ambazo wakati mwingine huzidisha chaji, kwa sababu maji yaliyopungua unaweza kuyarudisha. Kama unajijua huna nafasi hiyo, chukua iliyofungwa isiyoongezwa maji, lakini altaneta yako iwe imepimwa na iko sawa. Ikiwa ni ya kujazwa tindikali dukani, usiifunge papo hapo. Iache itulie nusu saa, ichajiwe ijae, ndipo ifungwe. Muuzaji akiharakisha, mwambie unasubiri.

Jambo la nne: usihadaike na namba kubwa za nguvu ya kuwasha kwenye baridi. Kipimo hicho hufanywa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapa Mara hatujawahi kuamka kwenye baridi ya namna hiyo. Kwako wewe uimara dhidi ya joto, ampea-saa zinazolingana na gari na udhamini wa maandishi ndivyo vitakavyokusaidia. Chukua risiti. Mwambie muuzaji aipime betri mbele ya macho yako. Fedha ni yako, na kuuliza si ukorofi.

Betri za mtumba zisizopimwa kwa mzigo ni kamari. Sikushauri ucheze kamari na neno lako.

Ukikwama, kwamuka kwa akili

Itatokea siku utahitaji kuazima moto kwa mwenzako. Fanya kwa utaratibu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Washa lililo zima, subiri dakika chache, ndipo uwashe lako. Kuondoa, rudi kinyume. Gari la otomatiki usilisukume kabisa, halitawaka hivyo. Na likiwaka, usijidanganye kwamba limepona. Altaneta imeumbwa kuhifadhi chaji ya betri nzima, haikuumbwa kufufua iliyokwisha. Ipeleke betri kwenye chaja ilale hapo usiku kucha, na utafute chanzo.

Betri iliyokufa bado inaweza kuua

Hapa nazungumza na dhamiri yako. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, na risasi ni sumu isiyotoka mwilini kwa urahisi. Inaharibu ubongo wa mtoto kabla hajaanza darasa la kwanza. Mwaka 2008 huko Thiaroye-sur-Mer, Senegal, ilibainika kwamba watoto 18 wamekufa ndani ya miezi michache mahali ambapo watu walikuwa wakitafuta risasi ya betri kuukuu kwenye mchanga. Karibu zaidi, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwamwagia sumu wakazi wa Owino Uhuru. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mchanga alidhurika, aliongoza mapambano hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, akapata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Tusingoje Owino Uhuru yetu. Usipasue betri nyuma ya nyumba. Usimwage tindikali kwenye mtaro unaoelekea kisimani. Usimpe mtoto bamba achezee. Wewe unayeyeyusha risasi jikoni kupata vizamishio vya nyavu za ziwani, moshi ule unaingia kwenye mapafu ya wanao kabla ya nyavu kugusa maji, acha leo. Betri kuukuu irudishe ikiwa nzima kwa muuzaji unaponunua mpya, na umdai akupunguzie bei, kwa sababu risasi ile ina thamani kwake. Au mpe mkusanyaji mwenye kibali rasmi.

Kujitegemea kunaanza na spana

Hapa tuko jirani na Butiama. Mwalimu Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922, na amelala pale. Alipotupa Azimio la Arusha mwaka 1967, alilisimamisha juu ya kujitegemea. Sisi majirani wa kaburi lake tunalitamka neno hilo kila sherehe. Basi tulitende kwenye jambo dogo lililo mbele ya macho yetu. Kujitegemea ni kuamka alfajiri, kuzungusha ufunguo na gari kuwaka bila kumwamsha mtoto wa mtu akusukume.

Kijana unayekaa kijiweni ukisubiri kusukuma, wewe una mabega na una akili. Jifunze kutumia mita. Nenda VETA ukasome umeme wa magari. Kila gari kuukuu linalopita barabara hii ni mteja wako. Dada unayeendesha, usikubali mtu akwambie boneti ni mambo ya wanaume. Spana namba kumi haiulizi. Fundi, mwambie mteja ukweli hata kama ukweli huo unakunyima mauzo ya leo, maana mteja unayemwokolea fedha atakuletea ndugu zake wote. Mzee mwenye gari, mpe dereva wako fedha ya maji ya betri bila kumfanya aombe mara tatu.

Nawe dereva, Jumamosi hii usipite. Fungua boneti, pima, safisha, kaza, andika tarehe kwenye kipande cha plasta ukibandike juu ya betri. Kisha mfundishe mmoja wa kijiwe chako, naye amfundishe mwingine. Kiabakari, gari kuukuu si aibu. Kulitelekeza ndiyo aibu. Tunza betri yako, timiza neno lako, na abiria wako wafike.